Mtaji wa ubia na uchumi wa kaunti: jibu kwa msomaji wa Kilifi

Swali: Kikundi chetu cha wafanyabiashara hapa Kilifi kinaandaa pendekezo la kupeleka kwa serikali ya kaunti. Tunataka itenge shilingi milioni 200 za kuanzisha mfuko wa mtaji wa ubia, ambao utanunua hisa katika kampuni changa za vijana wa hapa, ili zikue na kuajiri watu nyumbani badala ya kila mwenye kipaji kukimbilia Nairobi. Wanaounga mkono wanataja Marekani na Israeli. Wanaopinga wanasema pesa za umma zitaliwa tu. Je, njia hii imefaulu wapi, na kwetu inafaa?

Ndugu msomaji,

Nianze na jibu lenyewe ili usilisubiri hadi mwisho. Mfuko wa aina hii unaweza kuisaidia Pwani, lakini si kwa shilingi milioni 200, si kwa kaunti moja peke yake, na si kwa mpango ambao maofisa wa serikali ndio wanaochagua kampuni. Sababu zangu ni ndefu kidogo, kwa hiyo nakuomba uvumilivu.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu tunachokizungumzia, maana nimeona mara nyingi mtaji wa ubia ukichanganywa na mikopo nafuu ya vikundi. Anayetoa mkopo hudai dhamana, riba na rejesho la kila mwezi, na akilipwa amemalizana na mkopaji. Anayetoa mtaji wa ubia hununua sehemu ya kampuni ikiwa bado changa. Hashiki hati ya shamba, hadai chochote mwisho wa mwezi, na malipo yake humjia siku anapouza hisa zake kwa bei kubwa kuliko aliyonunulia, au hayamjii kabisa. Kwa watu wa Pwani jambo hili si geni kama linavyofanywa lionekane. Katika mudharaba, mmoja huleta mali na mwingine huleta kazi na ujuzi, faida hugawanywa kwa sehemu waliyokubaliana tangu mwanzo, na mali ikipotea bila uzembe wa mtendaji, hasara ni ya mwenye mali, naye mwenzake amepoteza jasho lake. Nitairudia mudharaba baadaye, kwa sababu nadhani iko karibu zaidi na mnachohitaji kuliko hayo ya Marekani.

Wanaoitaja Marekani kwa kawaida huwa wanafikiria Silicon Valley, bonde la kampuni za teknolojia huko California. Mfano unaowafaa zaidi nyinyi uko upande wa pili wa nchi ile, katika jimbo la Massachusetts. Viwanda vya nguo vya eneo la New England vilikuwa vimekaa miaka mingi vikifungwa au kuhamia majimbo ya kusini, na mwaka 1946 watu kadhaa wa Boston waliamua kutafuta viwanda vipya vya kushika nafasi ya vile vilivyokufa. Miongoni mwao walikuwa Karl Compton, aliyekuwa rais wa chuo cha MIT, Ralph Flanders, aliyeingia baadaye katika Seneti, na Georges Doriot, profesa wa Harvard ambaye vita vilikuwa vimempa cheo cha jenerali. Walianzisha American Research and Development, kampuni ambayo wengi huihesabu kuwa mwanzo wa mtaji wa ubia wa kisasa. Mwaka 1957 kampuni hiyo iliweka dola 70,000 kwa wahandisi wawili, Ken Olsen na Harlan Anderson, ambao walianza kazi ndani ya kiwanda cha zamani cha sufu katika mji mdogo wa Maynard. Kampuni yao, Digital Equipment Corporation, ilikuja kuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa kompyuta duniani, ikiwa na wafanyakazi zaidi ya 100,000 wakati wa kilele chake, na katika muda wa miaka 15 hisa zilizonunuliwa kwa dola 70,000 zilifikia thamani ya zaidi ya dola milioni 300.

Hadithi hii hupendwa sana, nami naipenda, hasa kwa ajili ya lile jengo la sufu. Hata hivyo wanaoisimulia huacha nje kwamba fedha za Doriot na wenzake hazikuwa za serikali. Fedha za serikali zilikuwa zimefanya kazi mapema zaidi na mahali pengine: Olsen na Anderson walitoka Lincoln Laboratory, maabara ya MIT iliyogharamiwa na jeshi, ambako walikuwa wamejifunza kuunda kompyuta kwa miaka bila mtu kuwauliza habari ya faida. Mfuko ulikuja kuvuna katika shamba lililokwisha kulimwa. Kitu kingine kinachoachwa nje ni hesabu ya mfuko mzima. Karibu nusu ya faida yote ambayo American Research and Development ilipata katika miaka 26 ya uhai wake ilitokana na uwekezaji huo mmoja. Kampuni nyingine zote walizozilea, na zilikuwa nyingi, ziligawana ile nusu iliyobaki.

Hesabu hiyo ndiyo moyo wa biashara hii, na ndiyo inayogongana na desturi za serikali. Chukua mfuko ulioweka fedha katika kampuni kumi. Tano zikafa, tatu zikarudisha kilichowekwa na chenji kidogo, moja ikazalisha mara mbili na moja mara kumi na tano. Mfuko huo umefanya vizuri. Lakini kufa huwahi na kukua huchelewa. Zile tano zitakufa katika mwaka wa pili na wa tatu, na kila moja itaonekana katika ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kama fedha za umma zilizopotea. Ile iliyozalisha mara kumi na tano itajulikana mwaka wa nane au wa tisa. Katikati kutakuwa na uchaguzi mmoja au miwili, na gavana aliyeanzisha mfuko huenda ameondoka. Meneja mwenye busara ya kujilinda atajifunza haraka kuchagua kampuni ambazo haziwezi kufa, yaani zile ambazo benki ingezikopesha bila msaada wenu.

Shinikizo la pili ni la kugawana. Niliwahi kukaa katika jopo la mfuko mmoja wa umma, ambao sitautaja, ambapo kila eneo la uwakilishi lilipaswa kupata kampuni yake. Tuligawa kwa haki, kila mtu akaridhika, na fedha zikawa ndogo mno kila mahali kiasi kwamba hakuna hata kampuni moja iliyoweza kununua mashine iliyoihitaji. Usawa wa wadi kwa wadi unafaa katika visima na zahanati. Katika mtaji wa ubia ni njia ya polepole ya kuumaliza mfuko.

Sasa tufike penye somo ambalo ningependa kikundi chenu kilisome mara mbili, kwa kuwa nchi mbili zilijaribu jambo hilo hilo kwa masharti yaliyokinzana. Mwaka 1975 serikali ya Ujerumani Magharibi ilishirikiana na mabenki kuanzisha kampuni ya mtaji wa ubia iliyoitwa WFG. Ili kuyatoa mabenki hofu, serikali ilikubali kubeba hadi asilimia 75 ya hasara. Na ili wenye kampuni wasijione wamenyang'anywa jasho lao, walipewa haki ya kuzinunua tena hisa kwa bei ya awali pamoja na riba ya kiasi. Masharti yote mawili yanaonekana ya huruma. Yakiwekwa pamoja, mwekezaji hakuwa na sababu ya kuogopa kampuni mbovu, kwa kuwa hasara ilikuwa ya serikali, wala hakuwa na sababu ya kuihangaikia kampuni nzuri, kwa kuwa ikinawiri ingenunuliwa kutoka mikononi mwake kwa bei ya jana. WFG ilipata hasara kubwa, na kwa miaka mingi jina lake lilitumiwa Ujerumani kama onyo.

Israeli nayo ilianza kwa kosa linalofanana. Mwaka 1992 serikali ilianzisha mpango uitwao Inbal, uliohakikishia mifuko iliyouzwa kwenye soko la hisa hadi asilimia 70 ya mtaji wake, na mifuko hiyo ikajaa makaratasi bila uhai wowote. Mwaka uliofuata Yigal Erlich, aliyekuwa mwanasayansi mkuu wa serikali katika wizara ya viwanda, aliongoza mpango mwingine kwa dola milioni 100, nao ukaitwa Yozma, neno la Kiebrania lenye maana ya ari ya kuanzisha jambo. Milioni 20 ziliwekwa moja kwa moja katika kampuni, na milioni 80 ziligawanywa kwa mifuko kumi ya binafsi, dola milioni 8 kila mmoja. Serikali haikuzidi asilimia 40 ya mfuko wowote. Waliosalia walikuwa wawekezaji binafsi, na kila mfuko ulilazimika kuwa na taasisi ya kigeni yenye uzoefu pamoja na taasisi ya fedha ya nyumbani. Hasara haikukingwa hata kidogo. Badala yake wabia binafsi walipewa haki, kwa muda wa miaka mitano, ya kuinunua sehemu ya serikali kwa gharama yake pamoja na riba. Mfuko ukifanya vibaya, wote waliumia pamoja. Ukifanya vizuri, yule aliyefanya kazi ya kuchagua na kulea alichukua pia faida ambayo ingekuwa ya serikali. Mifuko minane kati ya kumi iliitumia haki hiyo, na kufikia 1997 serikali ilikuwa imejiondoa kwa kuuza ilichobakiza.

Kwa hiyo mkiulizwa barazani tofauti ya waliofaulu na walioshindwa ni ipi, jibu fupi ni kwamba Ujerumani ilinunua hasara za watu na Israeli iliwauzia faida yake. Nafahamu ugumu wa kumweleza mlipakodi wa Ganze au Magarini kwamba kaunti itakubali kuuza hisa zinazopanda bei. Lakini lengo la kaunti si kutajirika kwa hisa. Lengo lake ni ajira, ushuru na ujuzi unaobaki, na ikirudishiwa fedha zake pamoja na riba inaweza kuzizungusha tena.

Hata hivyo msiichukue Yozma kama ilivyo. Ilipoanza, serikali ya Israeli ilikuwa imekaa zaidi ya miaka ishirini ikitoa ruzuku za utafiti kwa viwanda, na wahandisi wengi walikuwa wakiwasili kutoka uliokuwa Muungano wa Kisovieti. Tena, na hili ndilo linalowahusu hasa nyinyi mnaotafuta maendeleo ya eneo lililo nje ya mji mkuu, manufaa yake yaliangukia zaidi ukanda wa Tel Aviv, huku miji ya Galilaya na Negev ikiachwa nyuma. Mtaji wa ubia hupenda kukaa karibu na meneja wake, kwa sababu kulea kampuni ni kazi ya kuitembelea kila wiki, na mameneja hukaa mjini walipo wanasheria, wahasibu na wenzao. Kenya hali ni hiyo hiyo kwa Nairobi. Mfuko mtakaouanzisha kwa jina la Kilifi na ofisi Westlands utawekeza Westlands, na hakuna kifungu cha sheria kitakachouzuia kwa muda mrefu.

Kama mnataka mfano wa eneo maskini lililojaribu jambo hili likiwa mbali na mji mkubwa, tazameni milima ya kusini-mashariki mwa Kentucky, nchi ya migodi ya makaa ya mawe. Mwaka 1968, kwa fedha za shirikisho za vita dhidi ya umaskini, lilianzishwa shirika ambalo leo linaitwa Kentucky Highlands. Halikupata foleni ya wavumbuzi mlangoni, kwa kuwa hawakuwapo. Likajifunza kuwatafuta watu wenye uzoefu wa kuendesha viwanda na kuwashawishi waje au warudi nyumbani, na kuwapa hisa na mkopo kwa pamoja. Mojawapo ya viwanda ilivyovisaidia mapema ni Outdoor Venture, kinachoshona mahema, katika kaunti ya McCreary ambayo ni miongoni mwa kaunti maskini kabisa za Marekani. Kushona mahema hakuna mng'aro wa kompyuta, lakini kiwanda kilidumu, kikapata kazi ya jeshi, na kiliajiri watu mahali ambapo mgodi ulikuwa umefungwa. Ofisi ya shirika iko huko huko, katika mji mdogo uitwao London, na hilo kwangu ni jambo kubwa kuliko kiasi cha fedha walichoanza nacho.

Tukirudi Kilifi, nianze na hesabu ya milioni 200. Meneja wa mfuko kwa desturi hulipwa kama asilimia 2 au 2.5 ya mfuko kila mwaka. Kwa milioni 200 hiyo ni shilingi milioni 4 hadi 5 kwa mwaka mzima, zitakazolipa meneja, mhasibu, mwanasheria, mkaguzi na kodi ya ofisi. Kwa fedha hizo hamtapata mtu aliyewahi kulea kampuni hadi ikauzwa. Mtapata anayejifunzia kwenu. Mkimlipa zaidi mtagongana na sheria, kwa kuwa kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinataka gharama za uendeshaji wa mfuko wa umma zisizidi asilimia 3 ya bajeti iliyoidhinishwa ya mfuko huo. Shilingi bilioni 2 ndiyo ingeanza kumtosha meneja wa kweli, na kaunti moja haiwezi kutoa kiasi hicho bila kuumiza huduma nyingine.

Njia iliyobaki ni kuungana. Kaunti sita za Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta tayari zina jumuiya yao, na soko lao ni moja: korosho, nazi, embe, samaki, mkonge, utalii na bandari. Kaunti hizo zingeweza kuingia kama wabia wenye sehemu ndogo katika mfuko unaoendeshwa na watu binafsi na kusajiliwa chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, kila shilingi ya kaunti ikidai angalau shilingi moja na nusu ya mwekezaji mwingine. Fedha hizo za pili zipo nchini. Kanuni za uwekezaji za mifuko ya pensheni ya Kenya zinairuhusu kuweka hadi asilimia 10 ya mali yake katika mitaji ya kampuni zisizo sokoni, na mingi haijakaribia kikomo hicho, kwa sababu ya kueleweka ya kutopenda kubahatisha na akiba ya uzeeni ya watu. Msiilazimishe. Mfuko wa pensheni ukiukataa mpango wenu baada ya kuusoma, huo ni ushauri ambao hamkuulipia.

Sharti la eneo liwekwe kwa upana. Msidai kampuni iwe imesajiliwa Kilifi, maana usajili ni karatasi ya siku moja. Daini nusu ya wafanyakazi wake au nusu ya malighafi yake itoke katika kaunti sita. Kampuni ya Nairobi itakayojenga kiwanda cha kusindika embe karibu na Malindi ina faida kwenu kuliko kampuni ya kijana wa Malindi inayouza programu ya simu kwa watu wa Lagos. Najua hapo nitapingwa.

Sasa mudharaba. Tatizo kubwa la mtaji wa ubia katika maeneo kama yenu ni mlango wa kutokea. Soko la hisa la Nairobi lilifungua sehemu ya kampuni ndogo mwaka 2013, na zilizojitokeza ni chache mno. Wanunuzi wakubwa wa kampuni nzima nao ni wachache. Mwenye hisa katika kampuni nzuri ya nazi ya Mtwapa anaweza kukaa nazo miaka ishirini bila kumpata wa kumuuzia. Kwa hiyo, kwa sehemu kubwa ya kampuni zenu, ningeshauri mkataba ambao mwekezaji hupokea sehemu iliyokubaliwa ya faida au ya mauzo, na mwenye kampuni huzinunua hisa za mwekezaji kidogo kidogo kutokana na mapato hayo hayo hadi abaki peke yake. Wanachuoni huuita mkataba wa namna hiyo musharaka unaopungua, na benki za Kiislamu zilizoanza kazi Kenya mwaka 2008 zina wanasheria wanaojua kuuandika. Katika kaunti ambazo wafanyabiashara wengi huepuka riba kwa ajili ya dini, mkataba huu utawafikia watu ambao mikopo ya serikali haiwafikii, na utaupa mfuko mlango wa kutokea usiotegemea Nairobi. Mwekezaji hatapata mara kumi na tano, ni kweli. Ndiyo maana hisa za kawaida ziachiwe zile kampuni mbili tatu ambazo kweli zinaweza kukua hivyo, na huenda mojawapo ikatoka Chuo Kikuu cha Pwani au miongoni mwa watu waliopata ujuzi wao katika kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome, ambacho kimekuwa Kilifi tangu 1989 na ambacho sijasikia kikitajwa katika mijadala hii hata mara moja.

Kuhusu wanaosema pesa zitaliwa, hofu yao ina msingi na hairekebishwi kwa maneno. Kifungu cha 116 cha sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 kinamruhusu waziri wa fedha wa kaunti kuanzisha mfuko kwa idhini ya baraza la mawaziri la kaunti na ya bunge la kaunti. Katika idhini hiyo andikeni kwamba hakuna ofisa, mwakilishi wadi wala jamaa wa karibu wa yeyote kati yao atakayeketi katika kamati ya kuchagua kampuni. Kwamba kaunti italipa sehemu yake kila mara wabia binafsi wanapolipa yao, wala haitalipa zote siku ya uzinduzi. Na kwamba mkaguzi atapima mfuko mzima, si kampuni moja moja. Sharti hili la mwisho ndilo litakalompa meneja ujasiri wa kuthubutu bila kumpa ruhusa ya kuiba.

Kabla ya yote hayo, fanyeni kazi moja ambayo haihitaji bajeti. Orodhesheni kampuni za kaunti yenu zenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 5 kwa mwaka, hesabu zilizokaguliwa kwa miaka miwili, na mwenye kampuni aliye tayari kuwa na mbia mwenye kura. Sharti la tatu ndilo litakalowapunguza sana. Mkifika thelathini, mna sababu ya kwenda kuzungumza na kaunti jirani. Msipofika kumi, ombeni milioni 200 zitumike kwa vyumba vya baridi, ukodishaji wa mashine na wahasibu wa kuzisaidia kampuni kuandaa vitabu vyake, kisha hesabuni tena baada ya miaka mitatu. Taarifa ya mwelekeo wa fedha ya kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, kwa hiyo orodha hiyo iwe mezani mapema Januari.